Karo lisilojaa

Kila bamvua, siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, nateremka pwani ya mashariki ya Unguja na kasha la barafu, chupa za sampuli na kipimo cha chumvi. Maji yakishapwa vizuri, mchanga wa juu hukauka, lakini pana sehemu haukauki hata jua likiwa kali vipi. Hapo maji yanachuruzika yenyewe kutoka chini ya jabali, yanachora vijito vyembamba kama kidole, kisha yanapotelea kwenye majani ya bahari. Wanawake wa mwani wanazijua sehemu hizo moja moja. Zamani walikuwa wakinawia uso hapo wakitoka shambani, maana maji yake ni baridi na chumvi yake ni ndogo. Siku moja nilichomeka kipimo kwenye kijito kimoja, na chumvi haikufika hata nusu ya ile ya bahari. Mama mmoja aliyekuwa akifunga taitai, vile vijikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba zake alinitazama, akasema: "Hapo usinawe, mwanangu. Hapo siku hizi panatoka hoteli."

Nimesoma kemia ya maji miaka mingi, na sijapata kuisikia ikifupishwa vizuri kama hivyo.

Upande huo wa kisiwa ni maweni, jiwe la matumbawe ya kale lililojaa vitundu na mapango. Mito ya juu ya ardhi karibu haipo. Mvua ikinyesha inazama, inaelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya kisiwa, halafu polepole inatafuta njia ya kutokea pwani. Chochote kinachomwagwa ardhini kinapita njia hiyo hiyo. Jiwe la namna hii halichuji kama unavyochuja udongo wa mfinyanzi.

Sasa njoo kwenye karo, lile shimo la maji ya choo. Huku kwetu mtu akitaka kulisifu karo lake la choo husema halijai. "Miaka 15, sijawahi kuita gari la kunyonya!" Anajivunia, na jirani anamwonea wivu. Lakini muulize fundi aliyelijenga. Atakwambia alichimba, akapanga matofali ubavuni, akafunika juu, na chini akaacha jabali lilivyo. Hakutia sakafu kwa sababu karo lenye sakafu hujaa, na likijaa mwenye nyumba hulalamika. Kwa hesabu yangu, karo hilo halina tofauti kubwa na bomba lililoelekezwa baharini, isipokuwa bomba unaliona. Nyumba moja ya familia si kitu. Vyumba 80 vya wageni, jiko, dobi na bwawa la kuogelea, vyote hatua chache kutoka ufukweni, ni habari nyingine.

Kinachofika baharini ni bakteria wa kinyesi, na pamoja nao naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea. Bakteria ndio wanaotisha watu, ila hao chumvi na jua huwamaliza upesi. Mimi naziogopa zaidi hizo mbili za pili. Matumbawe yamezoea maji maangavu na yenye rutuba kidogo. Chakula chao kikubwa kinatengenezwa na vimea vidogo sana vinavyoishi ndani ya miili yao, navyo vinahitaji mwanga. Ukiyatilia maji mbolea, mwani pori unapata sherehe. Unapanda juu ya jiwe, unakaa pale ambapo tumbawe changa lingeshika, na mwamba uliokwisha kupigwa na joto la bahari haupati nafasi ya kujirudishia.

Niseme jambo moja ambalo wenzangu wa fani hawapendi lisemwe. Bahari unaweza kuipima ikaonekana safi bila kudanganya tarakimu hata moja. Chukua sampuli maji yamejaa na jua la utosi. Kimo cha maji kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua kwetu ni takriban mita 4, kwa hiyo uchafu umeshachanganywa na maji mengi mno, na jua limekwisha kuua bakteria wa juu. Rudi pale pale alfajiri, maji yakipwa, uteke kwenye kijito. Utapata majibu ya nchi mbili tofauti. Nimewahi kupewa ripoti ya mradi mmoja wa ufukweni niipitie. Sampuli zote zilichukuliwa maji yakiwa yamejaa, na hakuna aliyeandika saa. Niliuliza, nikajibiwa kwamba boti ilipatikana wakati huo tu. Labda ni kweli. Tangu hapo, ripoti isiyo na saa ya maji naiweka pembeni.

Hayo yote yanaonekana mambo ya kijiji kimoja, lakini maji hayakai. Mkondo unaotoka mashariki, kutoka bahari kuu, hugonga Afrika karibu na Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na kugawanyika. Tawi moja linashuka kusini kuelekea Mlango wa Msumbiji, jingine linapanda kaskazini kupitia Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba hadi Kenya. Upepo wa kusi unalisukuma kwa nguvu. Ule wa kaskazi ukiingia linadhoofika, na kwenye pwani ya Kenya linakutana na mkondo wa Somalia unaoteremka. Manahodha walilijua hilo kabla ya sisi wenye vipimo. Kwa hiyo chupa ya plastiki inayookotwa Pemba huenda haikuuzwa Pemba.

Ndiyo sababu kuna Mkataba wa Nairobi, wa nchi za ukanda huu kulinda bahari na pwani kwa pamoja, uliotiwa saini mwaka 1985. Leo una nchi 10: Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska, Komoro, Shelisheli, Morisi, na Ufaransa kwa ajili ya Réunion na Mayotte. Ulichukua miaka 11 kuanza kutumika, 1996. Mwaka 2010 ikaongezwa itifaki inayohusu uchafu unaotoka nchi kavu, na mwaka 2023, huko Antananarivo, ikapitishwa nyingine ya usimamizi wa pamoja wa ukanda wa pwani. Moja ya itifaki mbili za awali, za 1985, ilikuwa ya dharura za uchafuzi, mafuta hasa. Tazameni mpangilio huo: meli ilianza, choo kikasubiri robo karne.

Simaanishi meli ni mchezo. Tarehe 25 Julai 2020, meli ya mizigo MV Wakashio ilipanda mwamba Pointe d'Esny, Morisi. Haikuwa na bandari ya kwenda pale. Ilikuwa tupu, njiani kuelekea Brazili. Ilikaa juu ya mwamba karibu wiki mbili kabla mafuta hayajaanza kumwagika, na takriban tani 1,000 zikaingia kwenye maji na mikoko. Wananchi walishona mifuko mirefu, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaizungushia mafuta. Na kwa kuwa mafuta yale yalikuwa ya kuendeshea injini, si shehena ya meli ya mafuta, mfuko mkubwa wa kimataifa wa fidia haukuhusika. Fidia ikaangukia mkataba mwingine, wenye ukomo mdogo zaidi. Kila nchi ya ukanda huu ingelisoma somo hilo la sheria kwa makini. Lakini Wakashio ilikuwa na jina, tarehe na picha za angani. Karo halina hata kimoja.

Mito nayo ni vivyo hivyo. Mto Sabaki unaingilia baharini kaskazini ya Malindi, lakini huko juu ndio Athi, na Athi unapokea maji ya mito ya Nairobi. Udongo wa mashamba ya bara unateremka wote. Upepo wa kaskazi ukivuma, maji mekundu yanasukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi, penye hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Mlinzi wa hifadhi anaweza kumkamata mvuvi mwenye nyavu haramu. Mlima unaomomonyoka Ukambani atamkamataje? Ufukwe wa Malindi umejaa udongo hadi majengo yaliyokuwa ukingoni yamebaki mbali na maji.

Halafu nenda Kunduchi, Dar es Salaam, uone kinyume chake. Kule bahari imekula ardhi na majengo. Sababu ziko zaidi ya moja, lakini mojawapo ni mchanga uliochimbwa kwenye vijito vya nyuma, kama Tegeta na Mbezi, ukapelekwa kujengea jiji. Mchanga ule ndio uliokuwa ukiulisha ufukwe. Mwenye nyumba akiona maji yanakuja anajenga ukuta, mawimbi yanagonga ukuta na kuchimba chini yake, na jirani wa upande wa pili anakosa hata kile kidogo alichokuwa akipata. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Tembea ufukweni na utepe wa kupimia, kama una moyo.

Kosa la mkataba wetu, kwa maoni yangu, ni nani anayekaa mezani. Wanaokwenda mikutanoni ni watu wa mazingira. Anayetoa kibali cha ujenzi, anayechora mtaa bila bomba la maji taka, anayegawa leseni ya kuchimba mchanga, hao hawamo. Ningependa mkutano mmoja tu uitishwe wa wahandisi wa maji taka wa nchi zote 10, bila hotuba.

Maana dawa ipo, wala haina maajabu. Pale gereza la Shimo la Tewa, kando ya hori ya Mtwapa, Kenya, maji taka yalijengewa vitanda vya changarawe na mimea ya majimaji. Yanapita polepole, mizizi na vijidudu vinakula uchafu. Jambo hilo halihitaji mtambo wa kigeni. Linahitaji nafasi, mteremko, na mtu wa kukata majani. Hoteli yenye bustani ya kupigia picha ina nafasi hiyo.

Mwaka jana niliamua kufungua karo la nyumbani kwetu, alilojengesha marehemu baba. Miaka yote halijajaa. Fundi alishuka na tochi, akakaa chini dakika nzima.

"Sakafu ipo?" nilimuuliza.

"Sakafu ya nini, dada? Kuna pango. Hili la kwenu zuri sana."

Nikamwambia alete saruji. Alinipa bei, kisha akanikumbusha kwamba kuanzia sasa nitakuwa namlipa na mwenye gari la kunyonya.