Je, wajua kwa nini Dkt. Livingstone hakuzikwa Kwihara, Tabora?

Kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, katika kijiji cha Kwihara, limesimama tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, lililojengwa upya ambalo hutunzwa kama makumbusho ya Dkt. David Livingstone, daktari na mmisionari wa Kiskoti aliyezunguka sehemu kubwa ya bara hili katika karne ya 19. Kwa jinsi jina lake lilivyoshikamana na mahali hapo, ni rahisi mtu anayefika kwa mara ya kwanza kutazama huku na huku akilitafuta kaburi lake. Kaburi hilo halipo. Mifupa ya Livingstone imo ndani ya kanisa la Westminster Abbey jijini London, na moyo wake ulizikwa Ilala, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hata hivyo, maiti yake ilifika Unyanyembe, nchi ambamo Tabora na Kwihara zimo, mwezi Oktoba 1873, na afisa wa Kiingereza aliyekuwapo akashauri kwamba izikwe hapa hapa. Waliokataa ni watumishi na wapagazi walioibeba, na kukataa kwao kunastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko kawaida inavyofanyika.

Kwanza tukumbuke kwamba Livingstone hakuwa mgeni Unyanyembe. Baada ya Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, kumkuta Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1871, wawili hao walisafiri pamoja hadi Kwihara, wakafika Februari 1872. Stanley aliondoka kurudi pwani tarehe 14 Machi, naye Livingstone akabaki katika tembe hilo akisubiri watu na bidhaa ambazo Stanley aliahidi kumtumia. Alisubiri miezi mitano. Watu hao walipowasili mwezi Agosti, miongoni mwao walikuwamo vijana waliosoma Nassick, shule ya watumwa waliokombolewa iliyokuwa karibu na Bombay nchini India. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyeokolewa kutoka jahazi la watumwa, ambaye alijua kusoma na kuandika Kiingereza. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara uliondoka Unyanyembe kuelekea kusini, ukiwa na Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa miaka mingi, na pia Halima, mpishi ambaye Livingstone alimsifu katika maandishi yake. Livingstone hakurudi tena akiwa hai.

Alifariki katika kijiji cha Chitambo, Ilala, alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873. Wenzake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Waliokuwa pale wangeweza kumzika kimya kimya na kutawanyika, kwa maana walikuwa mbali na pwani, katika nchi ya matope na njaa, na kila mtu alijua kwamba msafara wenye maiti hufukuzwa vijijini na kutozwa faini. Badala yake walikaa wakashauriana, wakaamua kumpeleka kwao. Jacob Wainwright aliorodhesha mali yote ya marehemu katika daftari lake, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba kuna kilichopotea. Farjala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja huko Unguja, aliupasua mwili na kutoa moyo na matumbo, vikazikwa ndani ya sanduku la bati chini ya mti uitwao mvula, huku Jacob akisoma ibada ya mazishi. Kisha mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa kitambaa cha pamba, ukawekwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa likiwa zima, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Jacob alichonga maneno kwenye shina la mvula ili mahali pasisahaulike, na mzigo ukafungwa kwenye mti wa kubebea mabegani.

Miezi mitano na zaidi baadaye walikaribia Unyanyembe. Njiani walikuwa wamesikia kwamba kuna Waingereza huko, hata wakadhani mmoja wao ni mtoto wa Livingstone, hivyo Chuma alitangulia na barua iliyoandikwa na Jacob. Waliokuwako hasa walikuwa watu wa msafara uliotumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kumtafuta na kumsaidia Livingstone, ukiongozwa na Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini, pamoja na Dkt. W. E. Dillon na Luteni Cecil Murphy. Walikuwa wakikaa katika nyumba ile ile ya Kwihara aliyoishi Livingstone, na homa ilikuwa imewadhoofisha vibaya, hata wengine wakapungukiwa na nuru ya macho. Maiti ilipoingia, Said bin Salim, liwali wa Sultani wa Zanzibar hapa Unyanyembe, na wakuu wa Waarabu walihudhuria kuipokea kwa heshima waliyoweza kuitoa. Kwa hiyo Tabora ilikuwa na msiba wake wa Livingstone, ijapokuwa haikupata mazishi.

Ndipo Cameron alipotoa ushauri wake, na ni haki kusema kwamba haukuwa ushauri wa kipuuzi. Njia ya kwenda pwani ilipita Ugogo, ambako misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila mtemi, na maiti iliyofungwa kama mzigo ingeweza kuchukuliwa kuwa ni uchawi au nuksi ya kuleta vifo. Unyanyembe yenyewe ilikuwa imetikiswa na vita kati ya Waarabu na Mtemi Mirambo wa Urambo tangu mwaka 1871. Cameron aliongeza hoja nyingine, kwamba huenda marehemu mwenyewe angependa kulala katika ardhi ya bara ambalo mkewe amezikwa. Mary Livingstone alifariki mwaka 1862 na kuzikwa Shupanga, kando ya Mto Zambezi. Naona hoja hii ilikuwa dhaifu kuliko alivyodhani, kwa sababu Susi alikuwa mtu wa Shupanga, aliyeajiriwa na Livingstone huko huko mwaka 1863. Kama kulikuwa na mtu katika tembe lile aliyejua umbali wa Shupanga na Kwihara, ni yeye.

Watu wa msafara walisikiliza, wakakataa. Walikuwa wamekubaliana tangu Ilala kwamba bwana wao arudishwe kwao, na hawakuona sababu ya kubadili kauli kwa kuwa tu amekutana nao mtu wa kabila la marehemu. Cameron hakuwa na namna ya kuwalazimisha, akawaacha waendelee. Alichukua baadhi ya vifaa vya upimaji vya Livingstone kwa ajili ya safari yake ya Ziwa Tanganyika, kisha akaelekea Ujiji, ambako mwanzoni mwa mwaka 1874 alizikuta karatasi ambazo Livingstone alikuwa ameziacha, akazituma pwani.

Sisi wa Tabora tunaujua vizuri mjadala wa namna hii. Mtu wa mbali anapofia hapa, swali la kwanza msibani ni kama azikwe hapa au asafirishwe, na jibu halitolewi na jirani, hata akiwa na cheo gani. Linatolewa na wenye msiba. Nikiyasoma matukio ya Oktoba 1873 kwa macho hayo, naona kwamba kilichoamuliwa Kwihara ni nani mwenye msiba. Cameron alikuwa Mwingereza na afisa, lakini hakupata kumwona Livingstone akiwa hai. Susi na Chuma walikuwa wamemuuguza, wamemwosha, wamemlilia, na walikuwa na mali yake yote mikononi pamoja na orodha yake. Vitabu vingi vimewasifu kwa uaminifu, kana kwamba walikuwa wanatimiza amri. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wametoa uamuzi wao, na walipokutana na mtu wa kwanza mwenye mamlaka ya kizungu aliyewataka wauache, walisimama nao.

Kwihara haikukosa makaburi ya Wazungu kwa ajili hiyo. John William Shaw, baharia aliyekuwa msaidizi wa Stanley, aliondoka hapa na bosi wake Septemba 1871, akashindwa na maradhi njiani, akarudishwa na kufia Kwihara. Stanley aliporudi na Livingstone aliwaagiza watu wake wakusanye mawe na kuyapanga juu ya kaburi hilo ili lisipotee. Robert Moffat, mpwa wa Livingstone aliyejiunga na msafara wa Cameron, alikufa kwa homa mwaka 1873 kabla hajafika Unyanyembe. Na kuhusu wapagazi wenyewe, ambao mabega yao ndiyo yaliyoijenga biashara yote ya Tabora na Ujiji, waliofia njiani walibaki kando ya njia, wengi wao bila kaburi wala jina. Ndiyo maana gharama waliyoibeba watu wa Ilala kwa ajili ya maiti moja inashangaza zaidi.

Dkt. Dillon, ambaye afya yake haikumruhusu kuendelea na Cameron, na Luteni Murphy walifuatana na maiti kuelekea pwani. Mwezi Novemba, walipokuwa katika kituo cha Kasekera, Dillon, akiwa katika homa kali iliyomvuruga akili, alijiua, akazikwa huko huko. Na ni huko Kasekera ambako wapagazi walifanya jambo ambalo lingetosha peke yake kuwapa nafasi katika historia yetu. Wenyeji wa njia hiyo walikataa katakata maiti isipite. Basi watu wa msafara wakajifanya wamekubali kurudi kuizika Unyanyembe. Usiku waliutoa mwili ndani ya gome, wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo lililo sawa na mizigo mingine. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga pamoja na kuyavika sanda hadi yakawa na umbo la maiti, wakawatuma watu 6 wayabebe kwa heshima zote kurudi upande wa Unyanyembe, wakiwa na barua iliyobanwa kwenye kijiti kama ilivyokuwa desturi ya wajumbe wa wakati ule. Walipofika mbali na macho ya watu, watu hao waliyatupa mabua kidogo kidogo porini, wakatawanya vile vitambaa, wakarudi Kasekera mmoja mmoja. Wenyeji waliridhika kwamba maiti imerudishwa, na robota likapita.

Kwa maneno mengine, Livingstone alirudishwa kuzikwa Unyanyembe, kwa jinsi watu wa Kasekera walivyoamini, na kaburi lake likawa mabua ya mtama yaliyotapakaa vichakani.

Robota hilo lilifika Bagamoyo Februari 1874, miezi tisa tangu Ilala, likapokewa na mapadri wa misheni ya Roho Mtakatifu kabla ya kuchukuliwa kwa meli hadi Unguja. Wengi wa waliolibeba walilipwa ujira wao na kuruhusiwa waende zao papo hapo pwani. Kati yao ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri na mwili hadi Uingereza, kwa sababu wamisionari walimgharamia. Huko London, daktari wa upasuaji Sir William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja zamani huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, nao ukaunga vibaya. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob akawa miongoni mwa wale waliolisindikiza jeneza. Susi na Chuma, ambao kwa mila yoyote ninayoifahamu wangepaswa kukaa mbele, walifika Uingereza baadaye mwaka huo, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, baada ya rafiki wa marehemu, James Young, kuwalipia nauli ili wasaidie kuandaa shajara za mwisho za Livingstone zichapishwe.

Kilichowapata baadaye hakijulikani sana kwetu. Chuma aliongoza misafara mingine, akafariki Unguja mwaka 1882, akiwa bado mtu wa makamo. Susi naye alibatizwa kwa jina la David na kufariki Unguja mwaka 1891. Matthew Wellington, mmoja wa vijana wa Nassick walioibeba maiti, aliishi muda mrefu kuliko wenzake na kufia Mombasa mwaka 1935. Jacob Wainwright alirudi Afrika Mashariki, akafanya kazi na wamisionari huku na huku, na hatimaye akahamia Urambo, magharibi mwa mji wa Tabora, kwenye kituo cha Jumuiya ya Wamisionari ya London. Kituo hicho kilianzishwa na Dkt. Ebenezer Southon kwa ruhusa ya Mirambo mwenyewe. Southon alikufa huko mwaka 1882 baada ya kupigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya, na Mirambo akafuata Desemba 1884.

Jacob alifika Urambo wakati vita vya Mirambo vimekwisha. Alikuwa ameandika maneno ya mti wa mvula kule Ilala, ameandika barua iliyotangulia Kwihara, na amesimama mbele ya umati wa London kando ya jeneza la mtu ambaye mwili wake aliusindikiza kwa miguu kutoka katikati ya bara hadi pwani. Alifariki Urambo mwaka 1892, safari ya siku chache tu kwa miguu kutoka lile tembe ambamo yeye na wenzake walikataa bwana wao azikwe.