Thamani ya pointi moja ya ndege, na jinsi ya kuikokotoa

Thamani ya pointi ni kiasi cha fedha ambacho pointi moja, ile unayopewa na shirika la ndege kwa kusafiri nalo, inakuokolea siku unapoitumia kulipia safari. Mashirika ya ndege hayaandiki kiasi hicho popote. Ukifungua akaunti yako utaona pointi 80,000, lakini hutaambiwa kama ni dola 600 au dola 2,000, kwa kuwa zinaweza kuwa hizi au hizo kutegemea tiketi utakayochukua. Mtu anayejua kuikokotoa hutambua ofa nzuri kwa dakika mbili. Asiyejua huishia kufurahia neno "bure" kwenye tiketi iliyomgharimu zaidi kuliko kama angelipa taslimu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia pointi, kisha gawanya kwa idadi ya pointi zinazotakiwa. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Washington hadi Nairobi ni dola 1,200, na tiketi hiyohiyo inapatikana kwa pointi 80,000 pamoja na dola 250 za kodi na tozo. Ukitoa 250 kwenye 1,200 unabaki na 950. Gawanya kwa 80,000, unapata senti 1.19 kwa kila pointi.

Kuna hatua moja zaidi ambayo wengi huiruka. Tiketi ya fedha taslimu ingekuzalishia pointi mpya, ilhali ya pointi kwa kawaida haizalishi kitu. Kwa American Airlines, kwa mfano, mwanachama wa kawaida hupata, kwa tiketi nyingi, maili 5 (maili ni jina la pointi kwenye shirika hilo) kwa kila dola ya nauli, bila kuhesabu kodi za serikali. Kama katika ile dola 1,200 nauli ni 800, umekosa maili 4,000. Ziongeze kwenye zile 80,000: sasa unagawanya 950 kwa 84,000, na thamani inashuka hadi senti 1.13. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa mwenye daraja la juu la uanachama, anayepata maradufu kwa kila dola, inaweza kugeuza uamuzi.

Kodi na tozo zinahitaji jicho kali kwa sababu ndizo zinazotofautiana sana. Kwa safari ya ndani ya Marekani, tiketi ya pointi hulipiwa ada ya usalama ya dola 5.60 tu kwa upande mmoja. Ukianzia Uingereza, kuna ushuru wa serikali unaoitwa Air Passenger Duty, unaolipwa hata kama tiketi yote ni ya pointi. Kwa safari ndefu kama ya London hadi Nairobi, anayekaa daraja la biashara hulipa zaidi ya mara mbili ya anayekaa daraja la kawaida, na watoto walio chini ya miaka 16 wakiwa daraja la kawaida hawatozwi. Juu ya kodi za serikali zipo tozo za shirika lenyewe, zile zilizoanza zikiitwa za mafuta, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. British Airways inajulikana kwa tozo hizi kubwa kwenye safari ndefu, lakini mpango wa pointi wa shirika la United uitwao MileagePlus hauzitozi kwenye ndege za mashirika rafiki, yaani yale yanayoshirikiana nalo. Kwa hiyo kiti kilekile cha Ethiopian Airlines kwenda Dar es Salaam, Kilimanjaro au Zanzibar kupitia Addis Ababa kinaweza kuwa na kodi za kawaida tu ukikichukua kwa maili za United, na kikawa na mamia ya dola ya ziada ukikichukua kwa mpango mwingine wa Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege yanayoshirikiana. Ndege ni ileile na chakula ni kilekile. Linganisha mipango yote unayoweza kuitumia kabla ya kuamini bei ya kwanza uliyoiona.

Sehemu ngumu kuliko zote, na ambayo ninaomba msomaji aitilie maanani, ni ile bei ya fedha taslimu unayoanzia hesabu. Hapo ndipo watu hujidanganya, na hujidanganya wakiwa na kikokotoo mkononi. Chukua tiketi ya daraja la biashara ya dola 5,600 inayopatikana kwa pointi 160,000 na dola 600. Hesabu inasema senti 3.13 kwa pointi, na hayo ndiyo matangazo yanayosambazwa mitandaoni. Lakini kama wewe hungetoa zaidi ya dola 2,000 mfukoni mwako kwa ajili ya kiti hicho, basi hujaokoa dola 5,000. Bei ya haki kwako ni 2,000. Toa 600, gawanya 1,400 kwa 160,000, unapata senti 0.88. Huenda bado unakitaka kiti hicho kwa sababu ya mgongo, au kwa kuwa unasafiri na mama mzee, na hilo ni jambo jema kabisa. Ila kichukue ukijua umelipa nini.

Kosa la pili la namna hiyo ni kulinganisha na tiketi ambayo usingeinunua. Kama kuna shirika jingine linalokupeleka Nairobi kwa dola 950 na ungeridhika nalo, basi 950 ndiyo bei ya kuanzia, si 1,200. Ile tiketi ya pointi 80,000 na dola 250 sasa inakupa senti 0.88 tu. Kosa la tatu ni la tiketi ya upande mmoja. Kwa safari za kimataifa, mashirika mengi huuza tiketi ya kwenda tu kwa bei inayokaribia ya kwenda na kurudi, wakati kwa pointi mara nyingi upande mmoja ni nusu kamili. Ukiona tiketi ya kwenda ni dola 1,100, na kwa pointi ni 40,000 na dola 100, hesabu itakupa senti 2.5 na utafurahi. Kama utarudi, hesabu hiyo haina maana. Piga hesabu ya safari nzima, kwenda na kurudi, ndipo ulinganishe.

Kwa nini thamani inayumba kiasi hiki? American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa pointi, AAdvantage, mwaka 1981, abiria alipata maili kwa umbali aliosafiri, na kwa miaka mingi tiketi za tuzo, yaani zinazolipiwa kwa pointi, kwenye mipango kama hiyo zilikuwa na jedwali la bei: eneo hili hadi lile, maili kadhaa. Jedwali lilikuwa ngao ya msafiri. Mwaka 2015 Delta na United zilianza kutoa maili kwa kadiri ya fedha unayotumia badala ya umbali, na mwaka huohuo Delta ikaondoa majedwali yake. United ikaondoa yake mwaka 2019. Tangu hapo bei ya pointi kwenye mipango hiyo hupanda na kushuka pamoja na nauli.

Matokeo yake yanaonekana wazi Desemba, wakati watu wa ughaibuni wanarudi nyumbani kwa wingi. Tuseme ile tiketi ya dola 1,200 imepanda hadi 2,100. Chini ya jedwali lisilobadilika, pointi 80,000 na dola 250 zingekupa senti 2.31 kwa pointi, yaani msimu wa bei kali ndio ulikuwa msimu wa kutumia pointi. Chini ya bei inayoyumba, shirika linaweza kudai pointi 170,000, na thamani inarudi senti 1.09. Kwa hiyo tafuta kama mpango wako bado una jedwali la bei kwa ndege za mashirika rafiki. Kama unalo, ugumu unahamia kwenye kupata kiti, kwani shirika hutoa viti vichache tu vya bei hiyo kwa kila ndege, na tarehe za kabla ya Krismasi hukauka mapema.

Pointi za benki za Marekani, kama Ultimate Rewards za Chase au Membership Rewards za American Express, ambazo hupatikana kwa kutumia kadi na zinaweza kuhamishiwa shirika la ndege, zina faida moja kubwa: zina sakafu, yaani thamani ambayo hazishuki chini yake. Pointi ya Chase unaweza kuigeuza fedha kwa senti 1. Ya American Express ukiitumia kupunguza deni la kadi hukupa senti 0.6. Sakafu hiyo ndiyo kipimo chako. Tiketi ikikupa senti 0.88 na pointi zako ni za Chase, chukua fedha zako ununue tiketi taslimu. Ikikupa senti 1.5, hamisha pointi kwenda shirika la ndege.

Lakini kuhamisha ni safari ya kwenda tu. Pointi zikishaingia kwenye shirika hazirudi benki. Ndiyo maana usihamishe kabla ya kukiona kiti, na kukiona kwenye tovuti peke yake hakutoshi. Viti vya mashirika rafiki wakati mwingine ni viti hewa: tovuti inavionyesha kwa kuwa haijapokea taarifa mpya, na ukifika hatua ya kulipa unakataliwa. Endelea na uhifadhi hadi ukurasa wa malipo uone kama unakubali, au piga simu uwaombe wakithibitishe kiti kabla hujahamisha kitu. Hakikisha pia jina kwenye akaunti ya benki, akaunti ya shirika na pasipoti ni moja. Majina matatu yaliyopangwa kwa mfuatano tofauti hukwamisha uhamisho, na kiti kinachukuliwa na mwingine wakati unasubiri.

Ofa ya nyongeza ya uhamisho hubadilisha hesabu. Nyongeza ikiwa asilimia 30, pointi 62,000 za benki huwa 80,600 za shirika, zinazotosha tiketi yetu ya mfano. Gawanya 950 kwa 62,000: senti 1.53 kwa kila pointi ya benki, badala ya 1.19. Kumbuka uhamisho hufanywa kwa maelfu kamili, hivyo daima zungusha idadi kwenda juu.

Kununua pointi hupimwa kwa njia hiyohiyo. Pointi 50,000 kwa dola 1,500 ni senti 3 kila moja, na ni vigumu kupata tiketi ya daraja la kawaida inayorudisha kiasi hicho. Ofa ya nyongeza ya asilimia 100 inashusha bei hadi senti 1.5. Inafaa tu ikiwa tayari una tiketi mahususi yenye thamani inayozidi hapo. Kununua kwa matumaini ya baadaye ni kubeba hatari ya shirika kupandisha bei za tuzo usiku mmoja bila kukuarifu.

Jambo moja linaongeza thamani bila kuonekana kwenye kikokotoo. American na United kwa kawaida hurudisha maili bila ada ukighairi kabla ndege haijaondoka, wakati tiketi za bei nafuu za fedha taslimu mara nyingi hukuachia salio la kutumia kwa shirika hilohilo, au hazirudishi chochote. Kama tarehe zako hazina uhakika, kwa mfano unasubiri viza au unamuuguza mtu, unaweza kukubali thamani ya chini kidogo kwa ajili ya uhuru huo.

Na deni la kadi usilipuuze. Kubeba dola 1,000 kwa riba ya asilimia 22 kwa mwaka kunagharimu kama dola 18 kwa mwezi. Pointi 1,000 ulizopata kwa matumizi hayo, kwa senti 1.1, ni dola 11.

Kilichobaki ni muda. Maili za Skywards, mpango wa pointi wa Emirates, hudumu miaka mitatu na huisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Avios, yaani pointi za British Airways na Qatar Airways, huisha akaunti ikikaa miezi 36 bila kuingiza wala kutumia, na maili za AAdvantage huisha baada ya miezi 24 ya ukimya. Maili za Delta na United haziishi. Kwa akaunti zinazohitaji mzunguko, kuhamishia pointi 1,000 kutoka benki kwa kawaida hutosha kuanzisha saa upya. Kwa Skywards hilo halisaidii, kwani kila maili ina tarehe yake. Zikikaribia ukingoni, sakafu yake ni sifuri, na tiketi ya senti 0.7 ambayo mwaka jana ungeikataa sasa ni ya kuchukua.