Mboji Imelowa, Setilaiti Inasema Imekauka

Nikionyesha ramani ya unyevu wa udongo, swali la kwanza huwa lile lile: setilaiti inayaonaje maji yaliyo ardhini? Haiyaoni. SMOS ya Ulaya, iliyorushwa Novemba 2009, na SMAP ya NASA, ya Januari 2015, hupokea tu mawimbi hafifu ya maikrowevu, ya urefu wa sentimita 21 hivi, ambayo ardhi yenyewe huyatoa. Ikiwa kavu hutoa mengi, ikilowa hutoa machache. Siri ni kigezo cha dielektriki, yaani namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyoitikia nguvu ya umeme: cha maji hukaribia 80, cha chembe za madini ni kama 5, cha hewa ni 1.

Kazi ni kukigeuza kigezo hicho kiwe asilimia ya maji. Mwaka 1980 mtafiti Topp na wenzake walitoa fomula ya udongo wa madini, yaani wa mchanga na mfinyanzi, ambayo bado tunaitumia kila siku. Ipe kigezo cha 20, itakujibu kuwa maji ni asilimia 35 hivi ya ujazo wa udongo. Kwa udongo wa kawaida wa shambani sina ugomvi nayo. Ipeleke Lapland, kaskazini mwa Ufini, kwenye mboji, yaani udongo wa mabaki ya mimea iliyooza nusu, nayo itakupunja: buti zinazama, lakini hesabu inadai pamekauka kuliko palivyo. Mboji ni kama sponji, karibu yote ni matundu. Pale ambapo shambani pangekuwa na mchanga, huku pana hewa, na kigezo kinashuka. Isitoshe, sehemu ya maji imenata kwenye nyuzi za mimea iliyooza nusu. Maji yaliyonata hayageuki kwa wepesi kuufuata umeme, kwa hiyo hayajitangazi.

Barafu nayo ina kigezo cha 3 hivi. Udongo ukiganda, huonekana mkavu ghafla. Takwimu za majira ya baridi mimi huzitupa, ingawa mwenzangu anayefuatilia tarehe za kuganda huzigombania.

Ndiyo maana bado tunabeba sepetu, mizani na oveni, tuupime udongo kabla na baada ya kuukausha. Udongo wa madini hukaushwa kwa nyuzi 105; mboji naikausha kwa 70 hivi, polepole, isije ikaungua na uzito wake ukapotea pamoja na maji. Na usishtuke ukipata unyevu wa asilimia 500 kwa uzito. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuifuta namba kama hiyo daftarini akidhani amekosea. Alikuwa amepatia: uzito wa maji ulikuwa mara tano ya uzito wa mboji kavu yenyewe.