Mchavushaji ni nani hasa

Mchavushaji ni kiumbe anayetoa chavua, ule unga wa njano, sehemu ya kiume ya ua na kuufikisha sehemu ya kike ya ua la mmea wa aina ileile, ndo tunda linatunga. Basi, maana ni hiyo.

Ila siku hizi kila anayetua kwenye ua anaitwa mchavushaji. Mtu anapiga picha nyuki wamejaa kwenye mbelewele za mahindi anaandika "wachavushaji wangu wapo kazini", jamani, mahindi yanachavushwa na upepo, wale nyuki wamefuata chavua ya kwenda kulisha watoto mzingani na kwenye ndevu za hindi, ambazo ndo sehemu ya kike, hawashuki maana hakuna cha kuwavuta. Hata chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, akikuta ua lenye shingo ndefu kuna wakati analitoboa kwa chini ananyonya utamu wake anaondoka bila kugusa unga. Hapo kala tu. Kesho kwenye ua lingine anatoka na paji la uso limejaa chavua, hapo sasa ni mchavushaji kweli. Yaani ni jina la kazi, na kazi inategemea ua gani.

Linaniuma kwa sababu watu wanaharibu bustani zao kwa kutojua hili. Biringanya unga wake umefungiwa kwenye vifuko vyenye tundu dogo nchani, lazima ua litikiswe, na nyuki wa asali hawezi kulitikisa hivyo. Anayeweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, analikumbatia ua anatetemesha misuli ya mbawa, unasikia mlio unabadilika kabisa, unga unamwagikia tumboni. Huyohuyo ndo tegemeo la pesheni. Na huyohuyo ndo watu wanampulizia dawa kwenye kenchi, halafu wanaenda kununua mzinga eti wanavutia wachavushaji! Wengine wanasakafia uwanja mzima wa nyumba wakati kuna nyuki wadogo wanaoishi peke yao wanachimba vishimo kwenye udongo mtupu.

Maboga nayo, ua la kike lina kiboga kidogo kama goroli chini yake, linafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshajifunga, asipopita mchavushaji na unga wa ua dume asubuhi ile kiboga kinageuka njano kinaoza kinadondoka, na mwenye bustani anaongeza mbolea.

Kwa hiyo mtu akikwambia bustani yake ina nyuki wengi kwa hiyo uchavushaji upo, mwulize taratibu amepanda nini na hao nyuki wanatua kwenye ua lipi. Kama ni biringanya, amwachie yule mweusi gogo kavu pembeni, na mrehani asiukate wote, auache utoe maua, huyo mweusi apate utamu wa kunyonya.