Je, wajua kwa nini mtu wa sala huandika hadithi za mauaji?

Mwandishi wa riwaya za taharuki ambaye pia ni mtu wa kanisa haulizwi habari za lugha yake wala za wahusika wake. Anaulizwa habari za damu. Ibada imekwisha, mnada wa mazao ya sadaka unaendelea nje, mama mmoja anakusogelea: "Baba, si wewe uliyesoma somo la kwanza leo? Na yule maiti wa Chumbageni ni wako?" Mimi ni mmoja wa wanaoandika hivyo hapa Tanga, na jibu langu fupi ni kwamba mauaji nilijifunza kwenye Biblia. Jibu refu ndilo hili.

Kifo cha kwanza kusimuliwa katika Biblia si cha uzee wala cha maradhi. Ni mauaji, na yako sura ya 4 ya kitabu cha kwanza: Kaini, muuaji, anaulizwa alipo ndugu yake Habili, anajibu kwa ujeuri, na anayemshitaki ni damu iliyomwagika ardhini. Katika Waamuzi sura ya 3, Ehudi, mtu wa mkono wa kushoto, anaficha upanga kwenye paja la kulia, anamwua mfalme Egloni chumbani, anafunga milango na kwenda zake. Watumishi wanasubiri nje wakidhani bwana wao yuko msalani. Msimulie kijana kisa hicho bila kutaja kilikotoka, atakuuliza sehemu ya pili inatoka lini.

Darasa la taharuki hasa, kwa maoni yangu, liko kwenye kitabu cha Esta. Wengi hudhani taharuki ni kumshtua msomaji. Kushtua ni kazi nyepesi: mlango unapigwa teke, mtu anaanguka, basi. Taharuki ni msomaji kujua jambo ambalo mhusika halijui, kisha kulazimishwa kusubiri. Hamani, waziri wa mfalme, amekwisha simamisha mti wa kunyongea wenye urefu wa dhiraa 50, sasa anakwenda kuomba ruhusa ya kumtundika Mordekai, Myahudi aliyekataa kumsujudia. Usiku uleule mfalme amekosa usingizi, amesomewa kumbukumbu za utawala wake, na amegundua kwamba Mordekai aliwahi kumwokoa asiuawe na hakulipwa kitu. Hamani anaingia. Kabla hajasema lake anaulizwa: mtu ambaye mfalme anataka kumheshimu atendewe nini? Hamani anajiona ndiye anayesemwa, anaanza kutaja mavazi ya kifalme na farasi. Sisi tunaojua tunakaa pale tunaumia kwa raha.

Na jambo la ajabu: katika Esta ya Kiebrania, Mungu hatajwi hata mara moja. Hakuna malaika, hakuna moto kutoka mbinguni. Kisa kizima kinageuzwa na mtu mmoja aliyekosa usingizi. Msomaji mwenye imani ataona mkono wa Mungu pale, asiye nayo ataona bahati, na mwandishi hakumlazimisha yeyote kati yao.

Hapo ndipo penye jibu. Imani humpa mwandishi sababu ya kuandika mauaji, kwa kuwa kwake mauaji si fumbo la kuchezea tu. Aliyeuawa alikuwa mtu, na kweli yake inadai kujulikana. Lakini imani hiyohiyo haina ruhusa ya kumfumbulia fumbo. Mpelelezi akipiga magoti kwenye sura ya mwisho, akaoteshwa jina la muuaji, mwandishi amemwibia msomaji. Wapo wenzangu wanaoona kauli hii ni kali. Naishikilia.

Wala si mimi niliyeianza. Mwaka 1930 waandishi wa hadithi za upelelezi wa Uingereza waliunda chama chao London, Detection Club, na rais wake wa kwanza akawa G. K. Chesterton, aliyekuwa ameingia Kanisa Katoliki mwaka 1922. Ndani yake alikuwamo padre, Ronald Knox, ambaye mwaka 1929 alikuwa ametoa amri kumi za hadithi za upelelezi. Baadaye padre huyohuyo alitafsiri Biblia nzima kutoka Kilatini. Alikuwamo pia Dorothy L. Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi na wa vitabu vya dini, aliyekuja kuwa rais mwaka 1949. Watu wa sala hasa. Sasa tazama kiapo cha chama hicho: mwanachama aliapa kwamba wapelelezi wake watafumbua kesi kwa akili, bila kutegemea ufunuo wa Mungu, bahati ya kuokota wala tendo la Mungu. Amri mojawapo ya Knox ilipiga marufuku mambo yote ya kimiujiza. Padre aliyeadhimisha misa alikuwa anakataza muujiza, kwenye karatasi.

Chesterton mwenyewe alimpata padre wake mpelelezi, Father Brown, kwa njia ya kuchekesha. Alikuwa ametembea na padre mmoja wa Yorkshire, John O'Connor, akashangaa kuona padre anayajua maovu ya dunia kuliko yeye mtu wa magazeti. Muda mfupi baadaye akawasikia vijana wawili wa chuo kikuu wakimhurumia padre yuleyule, ati watu wa dini wamejifungia na hawajui uovu ulivyo. Mtu anayekaa kwenye kiti cha maungamo akisikiliza dhambi za watu asijue uovu! Hadithi ya kwanza ya Father Brown ilitoka mwaka 1910. Kwa hiyo nikiulizwa nimeyajua wapi maovu ninayoyaandika, huwa natamani kujibu: nimekaa kwenye baraza la wazee wa kanisa.

Marekani leo riwaya za taharuki za Kikristo zina rafu yao dukani. Frank Peretti alilitikisa soko kwa riwaya yake ya mwaka 1986 ya malaika na mapepo wakigombea mji mdogo. Terri Blackstock aliacha riwaya za mapenzi alizokuwa akiandika kwa majina ya bandia, akahamia taharuki ya Kikristo. Wachapishaji wa huko kwa kawaida hawataki matusi wala mambo ya chumbani. La matusi halinisumbui. Mtanga ana njia arobaini za kumvunjia mtu heshima bila kutamka tusi, nyingine zimeandikwa kwenye kanga.

Shida yetu huku iko kwingine. Tanga imejaa milango ya kutorokea. Chukua mapango ya Amboni. Watu hupeleka sadaka za mizimu mle, na husimuliwa kwamba njia yake moja inatokea Mombasa. Miaka ya 1950 Osale Otango, ambaye serikali ya mkoloni ilimwita jambazi na wengine wakamwita mpigania haki, alijificha kwenye mapango hayo, na masimulizi juu yake yalikua mpaka akawa mtu asiyeshikika. Mwandishi mvivu akikwama, anamtupa muuaji wake Amboni, anasema jini limemchukua, anaandika "mwisho". Kwangu jini la namna hiyo na muujiza wa namna ile ni kosa moja.

Waswahili tulilijua hili zamani. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale: maiti inakutwa mahali pa mzimu, watu wanawatazama wazee wa kale, lakini mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anawatazama walio hai. Na hata yeye si wa kwanza. Fungua Danieli sura ya 14, kwenye Biblia ya Kikatoliki au kwa Waanglikana wanaosoma vitabu vya Apokrifa. Wababeli wanamwekea sanamu Beli unga, divai na kondoo 40 kila siku, asubuhi hakuna kitu, kwa hiyo Beli ni mungu hai anayekula. Danieli ni nabii. Angeweza kuomba, angefunuliwa. Badala yake ananyunyiza majivu sakafuni kabla milango haijafungwa kwa muhuri wa mfalme. Asubuhi muhuri haujaguswa, chakula hakipo, na kwenye majivu pana nyayo za wanaume, wanawake na watoto: makuhani 70 na familia zao walikuwa wanaingia kwa mlango wa siri chini ya meza. Nabii alitumia majivu. Mimi ni nani nitumie ndoto?

Majivu yangu mara nyingi ni bahari. Katika hadithi niliyoimaliza karibuni mwili unaonekana alfajiri upande wa Raskazone, na mtaani wanasema ni jini wa maji. Shahidi mmoja anaapa kwamba saa nne na nusu usiku aliona mashua ikielea karibu na ufuko. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, na bamvua pwani hii maji hujaa sana kuelekea saa kumi na kupwa sana kuelekea saa nne, tofauti ikipita mita 3. Saa aliyoitaja, pale palikuwa na tope na mchanga. Mvuvi wa Deep Sea, ufuko wetu wa wavuvi, angemkamata kwa sentensi moja. Mpelelezi wangu, aliyelelewa milimani Lushoto, alihitaji sura tatu.

Ukikataa muujiza, kazi inaongezeka. Unakwenda kuuliza. Majeruhi hawezi kulazwa kwenye sura ya pili bila mtu kutaja PF3, fomu ya polisi ya matibabu, msomaji atakusuta. Saa za tukio nazipanga kwa adhana na kengele, kwa kuwa ndivyo mashahidi wa hapa wanavyokumbuka: "Ilikuwa baada ya Isha." Naandika kabla ya kupambazuka, joto halijaanza, kwenye kauntabuku kwanza kisha kwenye simu. Nasali kabla ya kuanza, ndiyo. Sijawahi kuletewa sura. Wahusika wangu nao husali, na sala zao hujibiwa kama zetu, kwa kuchelewa na bila risiti.

Mahali pagumu kuliko pote ni toba. Muuaji akishapatikana, wasomaji wangu wa kanisani wanataka aokoke, na wengine wanataka anyongwe. Hapa narudi kwa Daudi. Amemchukua mke wa Uria na kupanga Uria afie vitani. Nabii Nathani hamhubirii. Anamsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, mfalme anawaka hasira, anahukumu, kisha anaambiwa kwamba tajiri yule ni yeye. Huo ni mtego wa hadithi ulionasa sawasawa. Daudi anakiri, anasamehewa palepale. Lakini mtoto anakufa, na upanga hautoki nyumbani mwake. Msamaha na matokeo vinakwenda pamoja katika sura moja, ya 12 ya Samweli wa Pili. Basi muuaji wangu anaweza kulia machozi ya kweli mbele ya mchungaji, na mchungaji akamwombea kwa moyo wote, na bado karandinga likampeleka gereza la Maweni. Niliwahi kuandika muuaji ambaye hatubu kabisa. Barua za lawama zilikuwa nyingi kuliko za yule aliyeua watoto wawili.

Hadithi zenyewe huenda kwa vipande kwenye WhatsApp, Jumanne na Ijumaa, msomaji akilipia kwa simu. Wengi wa wasomaji hao ni Waislamu, kama ulivyo mji wenyewe, na hawaulizi kabisa kwa nini mtu wa dini anaandika mauaji. Kisa cha Kabili na Habili wanakijua toka madrasa. Wanachouliza ni kwa nini nimekatia pale. "Mwalimu, hii arosto ni dhambi pia," aliniandikia mmoja wa Ngamiani, akimaanisha kiu ya kungoja. Sehemu ile iliishia shahidi akiapa juu ya mashua, na yeye alikuwa ameshaitazama kalenda ya mwezi.