Je, wajua kwa nini jasusi wa kike kwenye riwaya za Vita vya Pili vya Dunia haachi baiskeli yake?

Ukizisoma riwaya za majasusi wa kike katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, utamkuta mhusika yuleyule mara kwa mara: mwanamke kavaa koti la kawaida, kapanda baiskeli, kikapu mbele, vitunguu juu na kitu kingine chini yake. Bastola huonekana kwa nadra. Msomaji aliyezoea ujasusi wa magari ya kasi na ngumi anaweza kudhani mwandishi kaishiwa ubunifu. La hasha. Baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Ufaransa ilisalimu amri Juni 1940. Mwezi uliofuata Uingereza ikaunda SOE, idara ya siri ya kuchochea hujuma na upinzani katika nchi zilizotekwa. Kitengo chake cha Ufaransa kilipanga watu kwa mitandao midogo, na kwa kawaida kila mtandao ulikuwa na kiongozi, mtu wa redio na mjumbe. Simu zilisikilizwa, barua zilifunguliwa; ujumbe wa maana ulipaswa kubebwa na mtu, mkononi au kichwani, kutoka mji hadi mji.

Mtu huyo angekuwa mwanamume kijana, angefika wapi? Zaidi ya wanaume milioni moja na nusu wa Kifaransa walikuwa wametekwa vitani mwaka 1940 na kupelekwa Ujerumani. Kisha Februari 1943 ikaja sheria ya kuwalazimisha vijana kwenda kufanya kazi huko. Kuanzia hapo, kijana wa miaka 22 aliyeonekana ndani ya treni mchana kweupe alikuwa swali linalotembea: wewe mbona bado uko hapa? Mwanamke hakuulizwa hivyo. Chakula kilikuwa kwa kadi, foleni ndefu, na watu wa mjini walikuwa wakienda mashambani kutafuta mayai na viazi. Mwenye kikapu alikuwa na sababu ya kuwa njiani kabla hata hajaulizwa.

Yvonne Cormeau, mtu wa redio huko Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa, alisimamishwa na askari wa Kijerumani akiwa na mtambo wake. Vitambulisho vyake vilisema ni muuguzi wa wilaya. Akawaambia hicho ni kifaa cha kupigia picha za eksirei, wakamwacha apite. Alidumu kazini mwaka mmoja na zaidi na kutuma ujumbe takriban 400, akiishi kijijini ambako hakukuwa na maji ya bomba wala umeme.

London yenyewe iliona aibu kidogo. Kanuni za kijeshi hazikuwaruhusu wanawake kubeba silaha vitani, hivyo wengi wao waliandikishwa katika FANY, kikosi cha hiari cha wanawake kilichojulikana kwa uuguzi na udereva, ili kisheria wasihesabiwe wapiganaji. Kwa njia hiyo Andrée Borrel na Lise de Baissac waliruka kwa parachuti usiku mmoja wa Septemba 1942, wa kwanza wa kike kutua Ufaransa kwa njia hiyo. Kwa jumla kitengo hicho kiliwatuma wanawake 39. Kumi na watatu hawakurudi.

Kwenye redio, sketi haikusaidia sana. Mtambo uliofichwa ndani ya sanduku la safari ulikuwa na uzito wa kilo 15 hivi, na magari ya Wajerumani yalizunguka mitaani yakifuata mawimbi yake. Noor Inayat Khan, binti wa mwalimu wa Kisufi kutoka India na mama Mmarekani, aliyekulia Paris na kuandika hadithi za watoto, alikuwa mwanamke wa kwanza kupelekwa Ufaransa kama mtu wa redio. Alitua Juni 1943. Muda mfupi baadaye mtandao mkubwa wa Paris ukavunjwa, wenzake wakakamatwa mmoja baada ya mwingine. London ikamwambia arudi. Akakataa, maana bila yeye mawasiliano yangekatika. Alihamahama nyumba hadi Oktoba, aliposalitiwa na kukamatwa. Akiwa kifungoni alijaribu kutoroka, akafungwa minyororo katika gereza la Pforzheim, Ujerumani, na tarehe 13 Septemba 1944 akauawa katika kambi ya mateso ya Dachau.

Hapa nina ugomvi mdogo na waandishi wa riwaya. Wengi hawaridhiki hadi jasusi wao amlaze afisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, kitandani. Kumbukumbu zinaonyesha mambo mengine kabisa, na kwa maoni yangu yanapendeza zaidi. Mtazame Christine Granville, Mpolandi. Agosti 1944 bosi wake Francis Cammaerts alikamatwa pamoja na wenzake wawili huko Digne, kusini-mashariki mwa Ufaransa, wakangoja kupigwa risasi. Granville aliingia mwenyewe kwa maafisa waliotumikia Gestapo, akajitangaza kuwa ni jamaa wa Jenerali Montgomery wa Uingereza, akawakumbusha kwamba majeshi ya washirika yameshatua kusini na kwamba kisasi kingewaangukia wao. Juu ya hayo akaongeza faranga milioni mbili zilizodondoshwa kwa ndege. Wakatoka wote watatu. Cammaerts aliishi miaka mingi baada ya hapo. Katika miaka ya 1960 alikuja Nairobi kuwa profesa wa elimu.

Pearl Witherington naye alianza kama mjumbe, akijifanya mwakilishi wa kampuni ya vipodozi. Mei 1944 kiongozi wake alipokamatwa, alishika sehemu ya mtandao na kuongoza wapiganaji wa msituni kwa maelfu. Baada ya vita Uingereza ikampa nishani ya kiraia. Akairudisha, akisema hakuna alichokifanya kilichokuwa cha kiraia.

Na kwa nini mambo haya yameandikwa zaidi kwenye riwaya kuliko kwenye vitabu vya historia? Sababu moja ni moto. Mwaka 1946 moto uliteketeza sehemu ya majalada ya SOE huko Baker Street, makao yake makuu London, na yaliyobaki yalifungiwa kwa miongo mingi. Mwandishi wa historia akikuta pengo hunyamaza. Wa riwaya hulijaza.

Mapengo hayo yalimsumbua hata Vera Atkins, ofisa wa kitengo cha Ufaransa cha SOE aliyekwenda Ujerumani mwaka 1946 kuwatafuta waliopotea na kuwahoji walinzi wa kambi. Mwanzoni aliamini kwamba Noor alikuwa miongoni mwa wanawake wanne waliouawa katika kambi ya Natzweiler Julai 1944. Baadaye ikabainika kwamba mwanamke yule alikuwa Sonia Olschanezky. Sonia hakutumwa kutoka London. Aliingizwa kazini hukohuko Ufaransa, kwa hiyo hakuwa na jalada wala picha mezani kwa Atkins, na ndiyo maana hadi leo riwaya nyingi humchagua shujaa aliyepandia ndege Uingereza, ilhali waliomfungulia mlango, kumficha darini na kumpa hiyo baiskeli walikuwa wenyeji kama Sonia.