Hausi: muziki uliozaliwa baada ya disko kuzikwa

Hausi ni muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa mashine. Utautambua kwa ngoma nzito ya chini inayogonga mara nne mfululizo, bila kuruka hata pigo moja, mwendo wa mapigo kama 120 hadi 130 kwa dakika. Kwenye harusi za Tabora jina hilo hulisikii sana; utasikia amapiano na singeli. Lakini anayeuliza kama muziki wa aina hii hupita au hudumu aanzie kwenye hausi.

Julai 12, 1979, kwenye uwanja wa besiboli mjini Chicago, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti huku maelfu ya watu wakishangilia. Redio zikaanza kuitupa disko, kampuni za kurekodi nazo zikaikimbia. Ikahesabiwa imekufa. Katika mji huohuo, DJ Frankie Knuckles aliendelea kuipiga kwenye klabu ya Warehouse, iliyofunguliwa 1977, akirefusha vipande vya ngoma. Baadaye zikaingia mashine za ngoma kama TR-909, iliyotolewa na Roland ya Japani mwaka 1983. Sokoni ilidoda, basi vijana wasio na hela wakaipata kwa bei ya mtumba. Hausi ikazaliwa hapo.

Kwa hiyo kilichokufa ni jina la disko na mavazi yake ya kung'aa. Pigo lilibaki, likahama. Afrika Kusini ya miaka ya 1990 ililipunguza kasi ikapata kwaito, na miaka ya 2010 ikaja amapiano, ya taratibu kuliko hausi, yenye besi inayogonga kama ngoma.

Si kila kitu hudumu, lakini. Dabstepu, muziki mwingine wa mashine ulioanzia London, ilivuma duniani kote mwanzoni mwa miaka ya 2010, kisha ikarudi kwa mashabiki wake wachache. Kwa maoni yangu iliegemea mno kishindo kimoja cha besi, na shangazi wa bwana harusi hachezi kishindo.

Jingine ni umiliki. Wazee wa hapa Tabora wanaikumbuka Segere Matata, mtindo wa Tabora Jazz. Ulikuwa mali ya bendi, na bendi ilipozimika nani angeuendeleza? Hausi haina mwenyewe. Singeli nayo, iliyoanzia uswahilini Dar es Salaam na kukimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, haina bendi moja inayoishikilia. Mwenye kompyuta na programu ya kutengenezea biti anaweza kuipika hata Isevya, hapahapa Tabora.